Saa Iliyorudi Nyuma: Kukompaili Emacs Hamburg na Tanga

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 nilikuwa Tanga, nyumbani kwa kaka yangu Ngamiani, nikimsaidia mwanawe kukompaili GNU Emacs, programu ya kuhariri maandishi, kutoka kwenye msimbo wake. Siku hiyo intaneti ikafa. Baadaye tukasikia kwamba nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zimekatika huko kusini, na Tanzania imeumia kuliko wengi. Kijana akanitazama. "Shangazi, sasa tunafanyaje?" Nikamjibu kwamba tunaendelea, kwa kuwa kila tulichohitaji tulikuwa nacho mkononi. Nilikosea. Ilinichukua siku mbili kujua nimekosea wapi.

Hamburg, ninakoishi, kazi hii ni ya muda wa kunywa chai. Unavuta msimbo wote pamoja na historia yake, mamia ya megabaiti, unaandika configure, kisha make -j16, na mashine inamaliza chai haijapoa. Ikigoma, wengi ninaofanya nao kazi hawasomi imegoma kwa nini. Wanafuta folda nzima na kuanza upya, kwa kuwa kuanza upya hakuwagharimu kitu. Mimi pia nimefanya hivyo kwa miaka.

Tanga kila jaribio lina bei yake. Msimbo wa Emacs 29.3 nilikuja nao kwenye flashi, MB 50 hivi ukiwa umebanwa. Maktaba zilizobaki tulizivuta Jumamosi usiku kwa bando la simu. Lakini kijana alikuwa ameshaanza kupambana peke yake wiki nzima kabla sijafika, na alikuwa na daftari. Kila kosa lililotokea kwenye skrini alilinakili kwa mkono, neno kwa neno, na chini yake akaandika alivyolielewa. Sijawahi kuona mtu akifanya hivyo Hamburg.

Kosa la kwanza daftarini: configure haikuiona maktaba ya gnutls. Ujumbe wenyewe unakupa njia ya mkato, ukiongeza --with-gnutls=ifavailable unapita. Kijana hakuipita njia hiyo, na alikuwa sahihi. Emacs inayotoka hapo haiwezi yenyewe kuzungumza na tovuti kwa njia salama, na utakuja kuligundua hilo siku unapotaka kuongeza vifurushi. Alichokosa si gnutls yenyewe, ilikuwemo tayari kwenye Ubuntu yake. Alikosa kifurushi chenye jina linaloishia na -dev. Hapo ndipo wanaoanza wengi wanapokwama na kuapa kwamba maktaba wameshaiweka. Debian na Ubuntu huigawa maktaba vipande viwili: kimoja cha kuendeshea programu iliyokwisha kutengenezwa, kingine chenye mafaili ya maelezo ambayo kompaila huyasoma inapotengeneza mpya. Bila hicho cha pili, kwa kompaila ni kama maktaba haipo.

Kosa la pili lilikuwa gumu zaidi kwa sababu lilianza na jina la kazi ndogo, tputs, kisha orodha ya maktaba ambamo haikupatikana. Inakaa kwenye ncurses, na dawa yake ni libncurses-dev. La tatu lilikuwa jepesi: alinakili mahali fulani -j8, yaani kazi nane kwa mpigo, mashine yake ina GB 2 za kumbukumbu, kompaila ikauawa katikati. Tukaweka -j2.

Jumatatu jioni tukaanza make yenyewe. Umeme ukakatika. Hilo halikunitia hofu. Make ilibuniwa na Stuart Feldman pale Bell Labs mwaka 1976 juu ya wazo moja: linganisha muda wa faili lililotengenezwa na muda wa mafaili yaliyolizaa, na kama lililotengenezwa ni jipya zaidi, liache. Umeme ukirudi, inaendelea ilipoishia. Ukarudi, ikaendelea. Ukakatika tena Jumanne asubuhi, ukarudi, na safari hii make ikaanza kurudia mafaili tuliyoyaona kwa macho yetu yakikamilika. Kilichonishangaza ni kwamba haikurudia yote. Yale ya kabla ya umeme kukatika mara ya kwanza iliyaacha. Yale ya baada yake iliyafanya upya. Umeme ulipokatika mara ya tatu, ikawa vilevile.

Nilidhani kuna mafaili yaliyoandikwa nusu. Nikamwambia aandike ls -l tutafute yenye ukubwa wa sifuri. Hakukuwa na hata moja. Ni yeye aliyeweka kidole kwenye skrini. "Shangazi, tazama tarehe."

Mafaili mapya yalikuwa na tarehe ya nyuma, kabla ya ile Jumatatu tuliyoendesha configure. Kila make ilipoanza tena ilikuwa ikituonya kwamba kuna mafaili yenye muda wa siku zijazo, onyo linapanda juu na kupotea kabla hatujalisoma. Kompyuta ile ni ya mezani, ilinunuliwa imetumika, na betri yake ndogo ya CR2032 inayotunza saa umeme ukizimwa ilikuwa imekufa, huenda miaka mingi nyuma. Hakuna aliyejua, kwa sababu kila ikiwashwa na kuunganishwa na simu, mtandao ulikuwa unairekebisha saa kimyakimya. Nyaya zilipokatika baharini, marekebisho yakakatika nazo. Faili lililotengenezwa Jumanne lilionekana limezaliwa kabla ya config.h, faili ambalo configure ililitengeneza Jumatatu na ambalo mengine yanalitegemea, na make, kwa kanuni yake ya mwaka 1976, ikaliona limepitwa na wakati.

Hamburg betri kama hiyo inaweza kufa na mwenye mashine asijue maisha yake yote. Umeme haukatiki, mtandao haukatiki, na maelekezo ya kukompaili yanaandikwa na watu wanaoishi hivyo. Nimesoma kurasa nyingi za namna hiyo na sikumbuki hata moja iliyoniambia niangalie saa.

Tukaweka tarehe kwa amri ya date, tukifuata saa ya mkononi ya kaka, na tukaiweka upya kila umeme uliporudi. Jumatano usiku Emacs ikafunguka. Alhamisi nikanunua betri.

Ninawaomba wenzangu tulio nje tunaowaandikia wadogo zetu maelekezo: kabla hujayatuma, zima mtandao, chomoa waya wa umeme katikati ya kazi, uone yanasimama au yanaanguka. Kijana ameshaandika ya kwake kwa Kiswahili, na mstari wake wa kwanza, kabla ya configure na kabla ya make, ni date.