Nyumba Njema Si Mlango

Wahenga walinena kwamba nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Neno hilo lapata ushahidi hata katika Wales, nchi ndogo ya milima iliyo magharibi ya Uingereza.

Kusini mwa Wales yako mabonde mawili yaitwayo Rhondda, moja kubwa na moja dogo. Tangu karne ya 19 wanaume wa huko walichimba makaa ya mawe, na jamaa zao wakakaa bondeni katika nyumba za mawe zilizoshikana safu kwa safu. Nyingi hazikuwa na bafu wala choo cha ndani.

Kati ya mabonde hayo pana mlima uitwao Penrhys, wenye kimo cha zaidi ya futi 1,000. Zamani mahujaji waliupanda ili kuzuru kisima na sanamu ya Bikira Maria, mpaka mwaka 1538 sanamu hiyo ilipochukuliwa London ikachomwa moto. Katika karne ya 20 palijengwa hapo hospitali ya ndui, ili wagonjwa wawe mbali na watu.

Mlima huo uliopendelewa kwa kuwa mbali na watu, ndio uliochaguliwa baadaye upelekewe watu. Baraza la Rhondda lilijenga huko nyumba 951 za kupangisha, zikafunguliwa mwaka 1968. Zilikuwa na bafu na madirisha mapana, na maji ya moto yalifika kwa mabomba kutoka tanuri moja kubwa la makaa ya mawe. Mama aliyezoea kuchota majivu kila alfajiri aliona raha imemfikia.

Lakini raha ile ilikuwa na bei. Upepo na mvua za mlimani hazikumhurumia mtu, na mzee asiye na gari alipata taabu kushuka sokoni na kurudi na kikapu chake. Gharama ya joto la tanuri iliwalemea wapangaji. Tena machimbo yalikuwa yakifungwa moja baada ya moja, hata lile la Maerdy, la mwisho katika Rhondda, likafungwa mwaka 1990. Aliyeweza kuhama alihama. Nyumba tupu zikavunjwa vioo, na jina la Penrhys likawa doa kwa kila aliyekaa pale, hata aliye mwaminifu na mchapa kazi.

Hatimaye nyingi zilibomolewa, zikabaki kama 300 tu. Hata hivyo waliobaki hawakukaa wakilia. Wakristo wa madhehebu mbalimbali waliungana, na mwaka 1992 likafunguliwa kanisa la Llanfair katika jengo lililokuwa la makazi. Ndani yake mlikuwa na mkahawa, mahali pa kufulia nguo, na duka la nguo zilizokwisha valiwa. Jirani akapata pa kukutana na jirani.

Haifai kuwalaumu waliojenga, kwani nia yao ilikuwa njema, na nyumba za bondeni zilihitaji kuachwa. Kosa lilikuwa kuhesabu vyumba na kusahau kuhesabu hatua za kwenda kazini, sokoni na kwa jamaa. Ajengaye nyumba kwa ajili ya watu, iwe moja au elfu, na aulize kwanza mpangaji atakwenda wapi akishafungua mlango asubuhi.