Nani Analipa Bili ya Bibi?



Juzi kwenye kundi letu la ukoo mmoja wenu, ndugu zangu, kaandika kwamba wazungu wanawatupa wazazi wao kwenye makao ya wazee. Mkacheka. Basi nisikilizeni mimi, maana aliyetupwa ni mama mkwe wangu.

Mama ana demensia. Alianza kwa kuunguza sufuria, akaishia kukutwa barabarani usiku wa manane na nguo ya kulalia. Huku Uingereza, tangu 1948, hospitali ya serikali ni bure: ukipata saratani unatibiwa, hutoi senti. Lakini demensia kwa kawaida huhesabiwa kuwa matunzo, siyo matibabu, na matunzo yanapimwa kwa mfuko wako. Hapa England, ukiwa na zaidi ya pauni 23,250 unalipa mwenyewe, na kiwango hicho hakijaguswa tangu 2010. Nyumba nayo inahesabiwa, isipokuwa kama, kwa mfano, mwenzi wako bado anaishi humo. Mwaka 2021 serikali iliahidi kuweka kikomo cha pauni 86,000 kwa malipo ya matunzo katika maisha yote ya mtu. Ikaahirisha, na 2024 serikali mpya ikakifuta. Makao hutoza kwa wiki, na pauni 1,000 mara nyingi hazitoshi. Kwa hiyo nyumba aliyokulia mke wangu tumeiuza, inaliwa wiki kwa wiki. Huko ndiko kutupa!

Na zamu ya usiku anayemgeuza kitandani ni binti wa Moshi, anamwita Bibi. Mama yake mwenyewe analelewa na mdogo wake kijijini, kwa pesa anazotuma yeye.

Sasa tuje kwenu. Kwa kuwa Bibi yetu huko nyumbani haletewi bili, mnaamini hagharimu kitu. Dada aliyefunga mgahawa wake akae naye analipwa na nani? Ndiye muuguzi, ndiye dobi, ndiye mlinzi wa usiku. Huku gharama iko kwenye karatasi. Huko kabebeshwa mtu mmoja, na kwa kuwa ni mwanamke hajaolewa, mnaona ndiyo kazi yake. Vikao vya harusi mnajaza daftari la ahadi jioni moja. Likitajwa suala la nepi za Bibi, kundi zima linapoteza mtandao.

Halafu acheni kusema Bibi anasahau kwa kuwa karogwa. Huu ni ugonjwa wa ubongo. Mpelekeni kwanza hospitali, apimwe damu pia, kwa sababu upungufu wa vitamini B12 au tezi ya shingo ikilegea huweza kumfanya mtu asahau vilevile, na hiyo ina dawa. Mambo ya benki na hati ya kiwanja yamalizwe wakati mzee bado anaelewa anachotia saini. Ninyi mlio England na wazazi wenu, andikisheni uwakilishi wa kisheria mapema. Akili ikishaondoka mtaishia mahakamani. Wala msikimbilie kugawa nyumba kwa watoto: halmashauri ikiona mmekwepa malipo itaihesabu, hata miaka ikipita.

Dada apewe mshahara, nasema mshahara, siyo asante, na Jumapili zake mbili kwa mwezi mtu mwingine amshike Bibi. Mwezi ukianza, tumeni kwanza M-Pesa kwa dada, ndipo mumuulize Bibi anaendeleaje.