Mlio wa Difu

Kwetu Nchelenge, kando ya Ziwa Mweru, uvuvi hufungwa kuanzia Desemba hadi mwisho wa Februari ili samaki wazaliane. Miezi hiyo ndiyo ya kutengeneza magari. Pikapu ya baba, inayobeba samaki kutoka Kashikishi hadi Mansa, ilikuwa inavuja oili kwenye difu, na beringi ya pinioni ilikuwa imelegea. Baba aliipeleka kwa fundi mmoja mtu wa Kilwa, ng'ambo ya Kongo. Mimi nilitumwa kuwa msaidizi na mkalimani, maana baba hasemi ila Kibemba, na mimi ndiye ninayesoma Kiswahili. (Difu, fundi huyo huiita ponti, kwa Kifaransa chao.)

Tukafungua, tukaweka beringi na sili mpya, tukafunga. Baba alipolijaribu, gari likalia wuuu mpaka watoto wa barabarani wakaliiga. Zilibaki siku nne tu ziwa lifunguliwe.

"Mwambie ni kabwalala," baba akaniambia. Yaani mwizi. "Pesa yangu airudishe."

"Mzee," nikamwambia fundi, "baba hajaridhika."

Fundi aliingia garini na kuniweka kando yake. Akikanyaga mafuta, gari linalia, akiachia, kimya. Akakata kona kushoto, akakata kulia, mlio ni uleule.

"Ingekuwa beringi ya gurudumu, kwenye kona ungesikia mabadiliko," alisema. "Hii ni meno. Pinioni na krauni hazikutani vizuri."

Tukamwaga oili, tukafungua tena. Alipaka rangi kidogo kwenye meno ya krauni, akaizungusha, akaniita nione. Alama ya mgusano ilipaswa kuwa katikati ya jino. Ilikuwa juu, kwenye ncha.

"Pinioni imekaa mbali. Shimu moja imepotea."

Hapo tumbo likanicheza. Kung'oa beringi ya zamani ilikuwa kazi yangu. Nyuma yake kulikuwa na pete nyembamba iliyogandana nayo kwa oili nyeusi; nikadhani ni sehemu ya beringi, nikatupa vyote kwenye pipa la vyuma chakavu. Nilinyamaza usiku mzima. Fundi alikuwa ameshaanza kuhesabu pesa za kurudisha.

Asubuhi nilikwenda mapema nikapindua pipa. Pete ilikuwepo. Nikampa fundi, nikamweleza. Aliifuta kwa petroli, akaipima kwa vidole.

"Sasa mwambie na baba yako. Kwa Kibemba."

Nilimwambia. Baba hakusema neno kwa muda mrefu, na sitayaandika aliyoyasema baadaye.

Tulipofunga, rangi ilikaa katikati ya meno. Tulikwenda hadi Mbereshi na kurudi, hatukusikia ila matairi. Wakati nanawa mikono nilimwomba fundi radhi kwa maneno ya baba, ingawa hakuwa ameyaelewa.

"Kabwalala nalijua, mwanangu," alisema. "Nimekaa hapa miaka mingi."