Sumaku haitoshi kujua dhahabu

Bunia, Ituri – Mama mmoja aliyekimbia kijiji chake huko Djugu alifika Bunia na vitu viwili vya kung'aa: sufuria ya inoksi kichwani, na pete ya ndoa aliyoifunga kwenye ncha ya kitenge. Sufuria ilikuwa ya kupikia. Pete ilikuwa akiba ya siku ngumu.

Siku hiyo ilifika watoto waliporudishwa nyumbani kwa kukosa pesa ya masomo. Jirani kambini aliijaribu pete kwa sumaku, haikushikwa. Akasema, "Mama, hii ni dhahabu."

Mama akaenda sokoni kwa mzee anayetengeneza pete. Mzee aliipima kwanza: gramu 6. Kisha akaweka kikombe cha maji juu ya mizani, akairudisha kwenye sifuri, akaining'iniza pete kwa uzi ndani ya maji bila kugusa chini. Mizani ikaonyesha 0,75.

"Mama, unisamehe," alisema. "Hii ni inoksi. Dhahabu imepakwa juu tu."

Mzee akamwonyesha hesabu. Gramu 6 ukigawanya kwa 0,75 unapata 8. Huo ndio uzito wa inoksi: karibu mara 8 ya maji. Dhahabu safi ni mara 19,3. Ile ya karati 18, yenye dhahabu asilimia 75, ni mara 15 au 16 hivi. Pete ya namna hiyo ingeonyesha chini ya 0,4.

Na sumaku je? Sumaku haishiki dhahabu, lakini pia haishiki inoksi nyingi, kwa sababu zimechanganywa na nikeli. Inaweza kufichua chuma cha kawaida, lakini haiwezi kuthibitisha dhahabu.

Kutu nayo haisaidii. Dhahabu haishiki kutu kwa asili yake. Inoksi ni chuma kilichotiwa kromiamu, angalau asilimia 10,5, ambayo hufanya ngozi nyembamba sana juu yake. Ngozi hiyo ikikwaruzwa, hujirudisha yenyewe. Tena inoksi ni ngumu kuliko dhahabu, na huyeyuka kwenye digrii 1.400 hivi, wakati dhahabu huyeyuka kwenye 1.064.

Mama alinyamaza. Marehemu mume wake alichimba dhahabu Mongbwalu miaka mingi.

"Papa, alinidanganya?"

"Hapana, mama. Labda na yeye waliiuza kwake hivyo."

Alilipa franka kidogo za kupimiwa, mzee akazikataa. Pete ikarudi kwenye ncha ya kitenge. Jioni, maharagwe yalichemka ndani ya ile sufuria, na pesa ya masomo bado inatafutwa.

Mwenye pete ya kuuza, au anayetaka kununua, aombe ipimwe mara mbili mbele ya macho yake: mara moja nje ya maji, mara moja ndani ya maji.