Zamu ya Aliyesema Kidogo

Baraza letu la mashairi hapa Wete hukaa baada ya alasiri na kuvunjika kwa adhana ya magharibi. Kwa muda mrefu mimi ndiye niliyeshika zamu, nami nikijiona mwadilifu: kila mshairi nafasi moja, kwa mzunguko, bila ya kumpendelea mzee wala kijana. Siku moja mzunguko ulianza kwa wenzetu wawili wenye tenzi ndefu. Binti mmoja, aliyekuja na beti nne alizoziandika kwa penseli, alikaa mwisho wa jamvi. Adhana ilimkuta hajafikiwa. Nilipomtaka radhi, alikunja karatasi yake akasema, "Hapana neno, Maalim. Labda wiki ijayo." Wiki iliyofuata hakuja, wala ile ya pili.

Sikumnyima kwa chuki. Nilimnyima kwa kanuni, na kanuni yenyewe nikiiona ya haki.

Nasomesha kompyuta, na somo nililolirudia mwaka baada ya mwaka ndilo lililonihukumu. Prosesa moja hutumikia programu moja tu kwa wakati. Twasikia kisomo huku tukiandika barua kwa sababu mfumo endeshi huukata muda wa prosesa vipande vya milisekunde chache, ukaipokonya programu hii na kuipa ile, upesi hata jicho lisitambue. Njia kongwe ya kugawa ni ile yangu: mzunguko. Kasoro yake ni kwamba programu inayotaka kitambo kidogo tu, kama ile inayongoja herufi moja kutoka kwenye kibodi, hupanga foleni nyuma ya zile zinazokitumia kipande chao hadi tone la mwisho.

Mwaka 2007 Ingo Molnár, mtaalamu wa Hungaria, aliingiza katika kiini cha Linux mpangaji zamu mpya. Alichochewa na mawazo ya Con Kolivas, daktari wa usingizi wa Australia aliyeandika programu kwa mapenzi yake mwenyewe. Mpangaji huyo hakuuliza, "Nani anafuata?" Aliuliza, "Nani amepata kidogo kuliko wote?" Kila programu iliwekewa hesabu ya muda iliokwisha kuutumia, na yenye hesabu ndogo kabisa ndiyo iliyotangulia. Aliyelala hakuruhusiwa kulimbikiza: akiamka, hesabu yake ilisogezwa karibu na ya wenziwe, asije akadai muda wote aliokuwa usingizini. Mwaka 2023 Linux ilipokea kanuni nyingine, inayoangalia pia nani ana haraka, lakini hesabu ya nani amepunjwa ingalipo. Simu za Android tulizonazo mifukoni hapa Pemba huendeshwa na kiini hicho hicho.

Wapenzi wa lugha watapenda maneno mawili ya fani hii. Programu isiyofikiwa na zamu, wataalamu husema ina njaa. Na kila programu ina namba ya upole, kuanzia -20 hadi 19: kadiri namba inavyopanda, ndivyo programu inavyowapisha wengine. Mimi ningeiita namba ya uungwana. Mahali penye mgawaji mbaya, mwenye uungwana mwingi ndiye wa kwanza kushikwa na njaa. Binti yule hakudai chochote.

Basi nikanunua daftari. Sasa naandika dakika za kila mmoja, na nafasi humwendea aliyesema kidogo. Ilibidi tukubaliane jambo moja. Mashine hukatiza popote, kwa kuwa huweka alama pale ilipofika na kurejea papo hapo. Hata hivyo, kila kubadilisha kuna gharama yake. Shairi halina subira hiyo. Ukilikata baina ya ukwapi na utao, limekufia mkononi. Kwa hiyo hukatiza baina ya ubeti na ubeti tu, nasi hukumbuka msomaji alipofika. Mzee wetu mmoja wa tenzi aliniuliza, "Maalim, siku hizi wanipimia pumzi?" Nikamwambia, "Nazigawa, baba." Alinuna kidogo, kisha akasogea upande kumpisha kijana aliyekuwa nyuma yake.

Nimempelekea binti salamu kupitia kwa shangazi yake. Jina lake limo katika ukurasa wa kwanza wa daftari, na mbele yake pana sifuri. Kwa kanuni ya Molnár ningepaswa kuisogeza hesabu hiyo ilingane na ya wenziwe, kwani muda wa kulala haulipwi. Hapo nimekataa kuifuata mashine. Yeye hakulala, alikaa jamvini jioni nzima, karatasi mkononi, akingoja. Sifuri yake naiacha ilivyo, na kila wiki, kabla ya mtu yeyote, hulisoma jina lake kwanza.