Vibarua wa Seva

Mimi hutunza seva mjini Meru, lakini kwetu ni Runyenjes, Embu, kwa Cucu na kahawa yake. Kazi zetu ni moja: kupanga vibarua.

Kwenye Apache ya prifoki kuna mzazi mmoja. Hahudumii mteja hata mmoja. Anazaa watoto na kuwahesabu tu. Usipogusa mipangilio, anaanza na 5. Wateja wakija, anaongeza. Wanaokaa bure wakipungua chini ya 5, anazaa wengine. Wakizidi 10, anaua. Mwisho ni 256. Wa 257 apange foleni, maana ukipandisha kikomo ovyo memori inaisha na seva yote inalala.

Cucu anaijua hesabu hiyo bila kompyuta. Oktoba wachumaji wakiwa wachache, kahawa inakaukia mtini. Wakizidi, kila mtu anaenda nyumbani na nusu debe. Lakini jioni yeye hulipa, humimina chai, na kumuuliza mama fulani kama mtoto alipona.

Seva haiulizi. Kuna hata mstari unaoamuru mtoto afe akishahudumia idadi fulani, asije akalimbikiza memori. Namba hiyo naiandika mimi: 1000. Kandarasi yangu nayo ni ya miezi mitatu, na imebaki wiki mbili.