Stilton: Kijiji Kilicholishwa na Barabara

Najua nimepotea, ila esei mbili zilikuwa zimenikaba koo. Nimezikabidhi Ijumaa, Jumamosi nikasema leo kichwa kipumzike. Nikapanda treni hapa Leicester mpaka Peterborough, kisha basi mpaka kijiji kinachoitwa Stilton. Wapenzi wa jibini jina hilo mnalijua: ile yenye mishipa ya bluu. Mshkaji ninayekaa naye akiifungua tu, mimi nahama jiko.

Lakini sikufuata jibini. Nilifuata gesti moja ya zamani, The Bell. Ni jumba la mawe, kwa juu limeandikwa mwaka 1642, na kibao chake ni cha shaba, kikubwa utadhani mlango. Katikati ya jumba kuna lango pana linaloingia mpaka uani. Upande wa ndani wa lango bado pameandikwa umbali wa kwenda miji kama London, Huntingdon na Stamford. Nikajiuliza, gesti na maili wapi na wapi?

Basi bwana, jibu ni farasi. Kijiji hiki kilikuwa juu ya barabara kuu ya zamani ya kutoka London kwenda Edinburgh, walioiita Great North Road. Magari ya abiria yalivutwa na farasi, na farasi akikimbizwa maili 10 mpaka 15 anakuwa hoi. Kwa hiyo kila baada ya umbali huo palihitajika nyumba yenye zizi la farasi wabichi, chakula na vitanda. Gari linaingia langoni, farasi wanabadilishwa fasta, abiria wanapewa kama dakika 20 za kula, safari inaendelea. Nilicheka peke yangu nikikumbuka makonda wa kwetu: "Dakika kumi, kula na kuchimba dawa!" Kumbe mchezo ni wa siku nyingi.

Mwenye gesti aliyevuma kuliko wote ni Cooper Thornhill. Mwaka 1745 aliweka dau la gini 500 kwamba atapanda farasi kutoka Stilton mpaka London, arudi Stilton, halafu aende tena London, yote ndani ya saa 15. Maili 213 hizo, karibu kilomita 343, akibadilisha farasi njiani. Alitumia saa 12 na dakika 17. Si mchezo!

Ila akili yake kubwa ilikuwa kwenye biashara. Jibini iliyompa utajiri ilitoka zaidi huku Leicestershire, na anatajwa mama mmoja wa Wymondham, Frances Pawlett, kuwa ndiye aliyekuwa akimletea. Thornhill aliiuza kwa wasafiri, wasafiri wakaisambaza, na kwa kuwa waliinunua Stilton wakaiita Stilton. Hata kabla yake, mwaka 1724, Daniel Defoe, yule wa Robinson Crusoe, alishaandika kuwa mji huu unasifika kwa jibini. Yaani jina lilikwenda kwa aliyekaa barabarani, halikwenda kwa aliyekamua ng'ombe.

Halafu ikaja treni. Mwaka 1850 reli ya kutoka London ilifika Peterborough ikipita mashariki ya kijiji. Treni haichoki, haili majani, haihitaji zizi. Abiria waliokuwa wakishuka langoni kwa The Bell sasa wanapita mbali wakiwa wamekaa. Magari ya farasi yakafa, na gesti nayo ikanywea. Baadaye hata magari ya mafuta yakatolewa: barabara kuu ya leo, A1(M), inapita pembeni. The Bell ilichakaa vibaya karne ya 20 kabla ya kukarabatiwa na kufunguliwa tena kama hoteli.

Sasa sikieni kali ya mwaka. Tangu mwaka 1996 jina la jibini ya Stilton linalindwa kisheria, na inaruhusiwa kutengenezwa katika kaunti tatu tu: Derbyshire, Leicestershire na Nottinghamshire. Kijiji cha Stilton kipo Cambridgeshire. Kwa hiyo Stilton hawaruhusiwi kutengeneza Stilton! Wenyeji walileta ushahidi kwamba zamani jibini ilitengenezwa kijijini pia, lakini mwaka 2013 serikali iliwakatalia.

Mnaweza kusema haya yanakuhusu nini wewe mtoto wa mama ntilie. Yananihusu sana. Mama yangu anauza wali na maharage pale mabasi yanaposimama, na ada zangu za sekondari zilitoka kwenye sufuria zile. Wapima barabara wameshaweka alama za mchepuko (wa barabara, msicheke) utakaopita nje ya mji wetu. Na mama ndiyo kwanza anataka kukopa kwenye vikoba apanue kibanda.

Jumapili nikampigia, nikamsimulia yote haya. Nikamwambia, "Mama, usikope kwa ajili ya kibanda. Mabasi hayakufuati wewe, yanafuata lami." Akakaa kimya, kisha akasema, "Mwanangu, hao wazungu wako walikuwa wanangoja farasi wachoke. Mimi nangoja watu wenye njaa. Mchepuko utawaondolea njaa?" Nikakosa jibu.

Nimelitafuta tangu siku hiyo, na nadhani sote tuna ukweli nusu nusu. Njaa haihami, ila mwenye njaa anahama. Thornhill alikuwa na eneo, mama wa Wymondham alikuwa na ujuzi. Eneo liliazimwa tu na barabara, likarudishwa. Ujuzi upo mpaka leo, huku huku Leicestershire. Mama yangu anao ujuzi, kwa hiyo mkopo ukichukuliwa, bora uwe wa sufuria na kiti vinavyobebeka, si wa matofali.

Nimemwomba asubiri mpaka tujue mchepuko utatokea wapi. Hajakubali, hajakataa. Ninyi ambao miji yenu ilishapitiwa pembeni, wazazi walifanyaje? Nipeni mawazo, naulizia jambo la nyumbani kweli.